Kupima Kinga ya Binadamu Dhidi ya Uvimbe wa Saratani Ndani ya Panya

Ukishapata kibali cha kamati ya maadili, anza na panya wa aina ya NSG, ambao kwa kuzaliwa hawana seli T, seli B wala seli NK, yaani seli kuu za kinga ya mwili, hivyo miili yao haizikatai seli za binadamu. Wapige mionzi kidogo ili kuacha nafasi kwenye uboho, kisha wadunge kwenye mshipa wa mkia seli shina za binadamu zenye alama ya CD34 kutoka damu ya kitovu, ambazo huzaa seli za kinga ya binadamu ndani ya panya. Baada ya takriban wiki 12, pima damu yao. Watafiti wengi humkubali panya ambaye angalau asilimia 25 ya seli zake nyeupe zina CD45 ya binadamu, alama inayoonyesha kuwa seli nyeupe hizo ni za binadamu.

Iko njia ya mkato, ya kudunga seli nyeupe za mtu mzima, lakini baada ya wiki chache seli hizo humshambulia panya mwenyewe, naye hukonda, akapinda mgongo na manyoya kumsimama, hata usijue matokeo yametokana na nini.

Kisha pandikiza uvimbe chini ya ngozi. Unapojaribu dawa kama pembrolizumab, inayoiachia kinga ya mwili ishambulie saratani, usikose kundi la panya wenye uvimbe uleule wasio na seli za kinga za binadamu. Bila kundi hilo, kwa maoni yangu, jaribio halina thamani. Mwishoni kata uvimbe na uhesabu seli T za CD8, zile zinazoua seli za saratani, zilizopenya ndani, ukizitenga na zilizokwama pembezoni.