Kuwasafirisha watoto hadi Lamu: anza kupanga na ngwe ya mwisho

Wazazi wengi huwaandalia watoto zile saa 8 au 15 za ndege kubwa kutoka ng'ambo. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi: choo kipo, filamu zipo, wahudumu wapo. Kinachowachosha watoto hadi kulia ni Nairobi hadi Manda, halafu boti. Panga kuanzia huko ukirudi nyuma.

Kiwanja cha Lamu kiko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Ndege ndogo nyingi za kwenda huko huruka kutoka Wilson, si Jomo Kenyatta, na baina ya viwanja hivyo viwili kuna barabara yenye foleni. Mizigo unaichukua mwenyewe na kuikabidhi upya. Ukiwa na watoto, acha angalau muda wa saa 5 kati ya kutua na kuruka. Ukitua jioni, laleni Nairobi. Wanaokwenda Malindi wana nafuu: kiwanja kiko jirani na mji, na tuktuk itawafikisha mlangoni.

Katika ndege hizo ndogo kiwango cha mzigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo. Anayetoka ng'ambo na masanduku mawili ya kilo 23 hulipia ziada, au mzigo wake hubaki ukafuata siku nyingine. Tumia begi laini, maana sanduku gumu halijipindi kuingia tumboni mwa ndege. Kigari cha mtoto kiacheni. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, vina ngazi na punda, na kijiji jirani cha Shela ni mchanga mtupu. Mbeleko ya kanga itafanya kazi yote.

Suala la masikio wengi hulikosea. Ndege ikishuka, shinikizo la hewa hupanda na ngoma ya sikio husukumwa ndani. Kumeza ndiko kunakofungua mrija wa kusawazisha. Kwa hiyo mtoto anyonye wakati wa kushuka. Kosa la kawaida ni kumpa chupa mapema, ikaisha ndege ingali juu, kisha akalala usingizini hamezi kitu. Mwamshe nusu saa kabla ya kutua. Mkubwa kidogo mpe tende atafune polepole, au maji kwa mrija. Ndege ndogo za injini moja za Caravan hazijazwi hewa ndani, basi sikio hupokea badiliko lote. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kwanza. Dawa ya mzio ili alale? Tusingeshauri: baadhi ya watoto huchangamka badala ya kusinzia. Na katika ndege hizo ndogo hamna choo, kwa hiyo apelekwe msalani Wilson, hata akisema hataki.

Mtoto wa mzazi Mkenya ni Mkenya kwa kuzaliwa, hata akizaliwa London, ila pasipoti ya Uingereza haisemi hivyo. Akisafiri nayo, aombewe eTA (kibali cha mtandaoni cha kuingia Kenya) kabla, hata awe mchanga. Mzazi anayesafiri peke yake abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya idhini ya mwenzake. Pwani kuna malaria: kinga ya mtoto hupimwa kwa uzito, na dawa nyingine huanzwa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo msingoje wiki ya safari. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Nguo chafu zitieni katika mfuko wa kitambaa.

Kwenye boti, omba jaketi la kuokoa maisha la saizi ya mtoto kabla hamjang'oa nanga, kwani la mtu mzima humtoka kichwani akitumbukia. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini za gati huwa na mwani unaoteleza. Mtu mzima atangulie kushuka, apokee mtoto kwa mikono miwili, na begi lifuate baadaye.