Kabla hujapunguza wafanyakazi, wasikilize

Kampuni ikianza kuzungumzia kuunganisha idara na kupunguza watu, wafanyakazi wanajua kabla hujawaita. Anayechapa barua anajua, mlinzi wa geti anajua. Waite mapema, waambie mwenyewe.

Hesabu iwe tayari. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Ongeza likizo ambazo hazijachukuliwa na cheti cha utumishi. Hakikisha michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imefika, mtu asiende dirishani akakuta miezi haipo. Chama cha wafanyakazi kikiwepo, kiwe mezani tangu siku ya kwanza.

Sasa la kusikiliza, ambalo mimi nililikosea.

Mwaka 2020 nilikuwa msimamizi wa utawala kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha. Wageni walifuta safari zote, magari yakabaki uani Njiro yamefunikwa maturubai. Tulikuwa na madereva 14. Nikaitisha kikao, nikasoma nilichoandika, bosi amekaa pembeni yangu, kisha nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kwenye muhtasari nikaandika kwamba wajumbe waliafiki.

Natoka, dereva mmoja wa makamo ya baba yangu akanifuata mlangoni. "Mama, nina neno dogo." Nikamjibu, "Shikamoo mzee wangu, tutaongea kesho." Kesho yake nilikuwa nagawa barua. Saba wakaondoka, naye akiwemo.

Baada ya wiki tatu alikuja kuchukua cheti chake. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, nyuma ya fomu ya safari. Majina yote 14, kalamu ya bluu, yamepangwa wawili wawili: huyu wiki mbili, mwenzake wiki mbili, kila mmoja nusu mshahara mpaka wageni warudi. Wote walikuwa wameshasaini. Mishahara ingeshuka kwa nusu ileile tuliyoitafuta kwa kuondoa watu saba. Hakunilaumu. Aliiweka mezani akasema, "Nilitaka uione tu, mama."

Na kifungu cha 38 cha sheria hiyo nilikuwa nimekisoma! Kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, kisha mshauriane namna ya kuepuka kupunguza watu au kupunguza wachache. Kusudio bado si uamuzi. Ukiingia kikaoni na majina mfukoni, hapo hushauriani na mtu.

Kwa hiyo usiulize "kuna swali?" mbele ya bosi ukategemea jibu. Watu wetu hunyamaza mbele ya wakubwa kwa heshima, wengine kwa hofu. Usiandike kwamba wamekubali. Wape siku kadhaa wakae peke yao. Kisha muone mmoja mmoja, mmekaa, simu umeizima. Andika anachosema kwa maneno yake. Rudi na jibu, hata likiwa hapana, na umpe sababu.

Uliza pia habari za mikopo. Wafanyakazi hudhaminiana kwenye SACCOS, vyama vya akiba na mikopo. Ukimwondoa mmoja, deni linaweza kumwangukia mwenzake aliyebaki, na hao waliobaki nao wana mshtuko wao, wasiachwe. Barua mpe mtu mkononi, usimtumie WhatsApp. Epuka Ijumaa jioni, epuka Januari wakati wa ada. Mwambie kwamba asiporidhika ana siku 30 tangu kuachishwa kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usimfiche. Na akikupigia miezi baadaye anaomba umdhamini kwa mwajiri mpya, pokea simu siku hiyohiyo.