Usukani unacheza? Tafuta ulegevu uliko kabla ya kununua spea

Mteremko wa kutoka Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru–Eldoret, si mahali pa kugundua kwamba usukani wako unacheza. Malori yako mbele na nyuma, nawe unahangaika kulirudisha gari kwenye leni. Wengi wetu gari kuukuu likifikia hali hiyo hukimbilia alaimenti, yaani kupimiwa na kunyooshewa pembe za magurudumu. Nawasihi msianzie huko. Alaimenti haikazi kitu kilicholegea; ukipima leo, kesho vipimo vimehama.

Kagua kwanza upepo wa tairi na nati za magurudumu. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hulifanya gari liyumbe, ukadhani raki (chuma chenye meno kinachosukuma magurudumu ukikata usukani) imekufa.

Kisha egesha mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, hendibreki juu na mawe nyuma ya tairi. Kama usukani ni wa pawa, washa injini, gia isiwe imeingia. Zungusha usukani polepole hadi tairi zianze kusogea. Kwa Toyota nyingi, kikomo ni milimita 30 ukipima kwenye ukingo wa usukani. Ukizidi hapo, kuna kitu kimechoka.

Sasa kazi yenyewe. Msaidizi akae ndani atikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Wewe fuata mwendo kuanzia juu: jointi ya shafti ya usukani, raki, raki endi (jointi ya ndani, mwishoni mwa raki), tai rodi endi (jointi ya nje, inayoshika upande wa gurudumu). Jointi unayoifikia, iwekee vidole, kimoja upande huu na kingine upande wa pili. Ikiwa nzima, pande zote husogea kwa pamoja. Ikiwa imechoka utaihisi: upande mmoja unatangulia, unasikia "tak", ndipo wa pili unafuata. Tazama pia bushi, zile raba zinazoishikilia raki. Zikiisha, raki nzima huhama kando, na kuna watu wameuziwa raki nyingine wakati shida ilikuwa bushi tu.

Zima injini, inua gurudumu kwa jeki na uweke stendi. Jiwe si stendi! Shika tairi kushoto na kulia, utikise. Ikicheza, shuku tai rodi endi au raki endi. Shika juu na chini: ikicheza, ni bolijointi (jointi ya mpira wa chuma inayoshikilia gurudumu kwenye mkono wake) au beringi ya gurudumu. Ili kujua ni ipi, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Ulegevu ukitoweka, ni beringi. Ukibaki, ni bolijointi.

Unapobadilisha tai rodi endi, hesabu mizunguko ya kuifungua, ile mpya iingie kwa mizunguko hiyo hiyo, na kota pini, ile pini inayozuia nati isifunguke, iwe mpya. Hapo ndipo alaimenti ina maana.

Maswali ya wanachama

Kondele, Kisumu: Fundi, nimebadilisha tai rodi endi zote mbili lakini bado gari linavuta kushoto.

Jibu: Kuvuta na kulegea ni shida mbili tofauti, ndugu yangu. Badilishana tairi za mbele, ya kushoto ije kulia. Likianza kuvuta kulia, umempata mwizi: ni tairi. Lisipobadilika, endesha kidogo kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Iliyo na joto kuliko mwenzake ina breki inayoshika.

Kakamega: Fundi wangu anasema bolijointi ataijaza grisi tu, itasukuma miezi michache. Nikubali?

Jibu: Hapana, dada. Grisi haijazi chuma kilicholika. Bolijointi ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna kazi tena. Badilisha kabla hujasafiri.

Molo: Pikapu yangu ya zamani haina raki, ina boksi ya gia za usukani. Nikaze ile skrubu ya juu?

Jibu: Maliza jointi zote kwanza, mzee. Kisha kaza skrubu hiyo magurudumu yakiwa yamenyooka, robo mzunguko au pungufu, na uijaribu. Usukani ukikataa kurudi wenyewe baada ya kona, umekaza kupita kiasi. Irudishe skrubu nyuma papo hapo.