Kutumia kadi za Portal katika Magic kamili

Ukiwa na kadi za Portal, toleo la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering lililotolewa mwaka 1997 kwa ajili ya wanaoanza kujifunza, usizifungie sandukuni ukidhani kwamba zimepitwa na wakati, kwani tangu Oktoba 2005 zinaruhusiwa rasmi katika mashindano ya Vintage na Legacy, yaani mitindo ya mchezo inayoruhusu kadi za zamani, na mgongo wake ni uleule wa kadi za kawaida.

Kazi iliyopo ni kuzisoma upya. Alama ndogo za upanga na ngao zilizo kando ya namba za kiumbe zinaonyesha nguvu na ustahimilivu wake kama kawaida, na neno «intercept» lililochapishwa humo lina maana ya kuzuia shambulio. Viumbe wa Portal hawakuandikiwa aina, kama vile goblin au elf, lakini baadaye walipewa.

Panapohitaji uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni kwenye kadi za sorcery, yaani uchawi ambao kwa kawaida huchezwa katika zamu yako tu. Mystic Denial, kwa mfano, imechapishwa kama sorcery ingawa huchezwa kujibu kadi ya mpinzani. Kwa sheria za sasa hiyo ni instant, yaani uchawi unaoweza kuchezwa hata katika zamu ya mpinzani, kwa hiyo ukifuata maandishi yake peke yake utakosea. Tafuta jina la kila kadi katika Gatherer, hifadhidata rasmi ya mchezo huo, unakili maneno ya sasa kwenye kipande cha karatasi, kisha ukiweke ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi yenyewe unapocheza na marafiki.