Undertaker na Jordan kwenye mizani moja: namna ya kulinganisha wanamieleka na nyota wa kikapu

Jumamosi moja mteja alinyanyuka kwenye kiti changu kichwa kikiwa nusu. Upande wa kulia nilishamaliza, wa kushoto nywele bado zimesimama, kitambaa cha kunyolea kinaning'inia shingoni, naye anamnyooshea kidole kijana aliyekaa kwenye benchi akisubiri zamu. Kijana alikuwa amesema Michael Jordan ndiye mwanamichezo mkubwa kuliko wote waliowahi kuonekana kwenye runinga. Mteja wangu ni dereva wa lori, mtu mzima, si mwingi wa maneno. Hapo lakini uvumilivu ulimwishia: "Wewe mtoto, Undertaker kashinda WrestleMania mara 21 mfululizo. Huyo Jordan wako kafanya nini mara 21?"

Nilizima mashine. (WrestleMania ndilo onyesho kubwa la mieleka la kila mwaka.) Nina saluni hapa Ngamiani, Tanga, na ubishi nimeusikia wa kila namna, ila huu ulinigusa kwa kuwa vyote viwili vimenilea. Mieleka niliiona kwenye kibanda umiza, kanda za video zilizochakaa hadi picha inakatwa na mistari. Kikapu nilicheza shuleni, na mpaka leo fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikifika naamka saa 9 na nusu usiku. Basi nikachukua daftari la mahesabu, nikalifungua kwa nyuma, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Daftari hilo sasa ni la tatu. Haya ninayoandika ndiyo tunayoyafuata kijiweni kwangu, na yeyote mwenye ubishi kama huu nyumbani au kazini anaweza kuyatumia.

Taja kwanza unayempenda

Kabla ya hoja yoyote, kila mtu aseme anampenda nani na alimwona wapi mara ya kwanza. Mwenye kudai hana upande ndiye anayeiharibu mizani, maana mapenzi yake anayaficha ndani ya takwimu.

Mimi wangu ni Hakeem Olajuwon na Bret Hart. Hakeem, kijana wa Lagos, alicheza soka na mpira wa mikono kabla hajashika mpira wa kikapu, na ukiangalia miguu yake chini ya goli unaiona ile soka. Bret Hart nilimpenda kwa jambo dogo. Kabla ya pambano alikuwa anavua miwani yake, anainama pembeni mwa ulingo na kumvisha mtoto aliyekaa mbele. Kwenye kibanda tulikuwa watoto thelathini juu ya mabenchi ya mbao, na kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba angekuwepo pale, ni yeye angevishwa.

Nikishayasema haya, wenzangu wanajua pa kunibana. Na wanabana kweli.

Sema ukweli kuhusu mieleka

Hatua hii wengi wanairuka, ndiyo maana ubishi hauishi. Katika mieleka ya kulipwa mshindi anapangwa. Mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya WWF yenyewe ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, ili itoke chini ya sheria za michezo ya mapigano. Wapo wazee ambao ukiwaambia hivi wanaona umewavunjia heshima. Waambie taratibu, na uongeze nusu ya pili ya ukweli: kilichopangwa ni matokeo, maumivu hayakwepeki. Tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, Mick Foley alirushwa na Undertaker kutoka juu ya kizimba cha chuma kilichofunika ulingo, kama mita 5 kwenda chini, akaangukia meza ya watangazaji. Akapandishwa machela, akashuka mwenyewe, akakwea tena kizimba kile kile, na safari hii paa likaachia naye akadondoka hadi ulingoni. Jino lake lilikutwa puani. Anayesema "wanaigiza tu" aangalie dakika hizo kwanza, halafu tuendelee.

Usipambanishe mikanda na pete

Kijana wa benchi alitegemea pete 6 za ubingwa za Jordan. Angetokea shabiki wa John Cena angesema: mikanda 17 ya dunia, mmoja zaidi ya 16 ya Ric Flair, wa mwisho akautwaa Aprili 2025 Las Vegas. Je, 17 ni kubwa kuliko 6? Swali lenyewe halina miguu. Pete inashindaniwa na timu nzima, mara moja kwa mwaka, mbele ya watu wanaotaka kwa dhati uikose. Mkanda unakabidhiwa na uongozi, na unaweza kubadilisha mikono hata mara tatu ndani ya mwaka mmoja.

Hata ndani ya kikapu chenyewe pete hazitoshi. Robert Horry ana 7, Jordan ana 6, na Horry alikuwa mchezaji mzuri wa dakika za mwisho, lakini hakuna anayemweka juu ya Jordan. Na mkanda unaweza kukudanganya zaidi. Novemba 9, 1997, Montreal, Bret Hart alikuwa amebanwa miguu kwa mbano wake mwenyewe, hakusalimu amri, na kengele ikagongwa kwa amri ya bosi. Mkanda ukaenda kwa Shawn Michaels. Ukihesabu mikanda, usiku ule Hart alipungua. Mimi naona ndio usiku alioongezeka, maana dunia nzima ilijua mkanda haukumtoka kwa haki.

Uliza: alibeba au alibebwa?

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo.

Wabongo tunasema mbebwa hujikaza. Kwenye mieleka kila bingwa amebebwa, kwa maana ameteuliwa, kwa hiyo kumwambia shabiki "mtu wako alibebwa" si hoja. Hoja ni alivyojikaza, na baada ya hapo, alimbeba nani. Mwanamieleka mkubwa ni yule ambaye mpinzani wake anatoka ulingoni akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Chukua Machi 1997, karibu na Chicago, Hart na Steve Austin. Austin aliingia akichukiwa. Akabanwa kwa ule mbano wa Hart, damu inamtiririka usoni hadi kwenye meno, anajaribu kuinuka, mikono inatetemeka, na kusalimu amri hataki. Akazimia. Amepoteza pambano, lakini uwanja uliomzomea ndio uliomshangilia akiondoka, na Hart aliyependwa ndiye aliyezomewa. Watu wawili walibadilishana nafasi mbele ya macho ya umma kwa dakika chache, na kila mmoja alihitaji mwenzake afanye kazi yake kwa uaminifu. Andika hilo kwenye safu ya wote wawili.

Au Andre the Giant, Machi 29, 1987, kwenye uwanja wa Pontiac, Michigan. Mfaransa yule alikuwa anaugua, mgongo umekwisha, uzito wake ukitangazwa kuwa ratili 520. Hulk Hogan alimnyanyua na kumbwaga, na picha ile ikaijenga kampuni nzima. Watu wanamsifu Hogan kwa nguvu. Mimi namsifu Andre kwa ridhaa, maana mtu wa mwili ule, asipotaka, hanyanyuliki.

Sasa hamia kwenye kikapu, ambako ridhaa haipo. Juni 14, 1998, Salt Lake City, mchezo wa 6 wa fainali. Chicago Bulls wako nyuma kwa pointi moja. Jordan anamvizia Karl Malone wa Utah Jazz kwa nyuma, anampokonya mpira, anapanda nao, anamwacha Bryon Russell akiserereka, anafunga zikiwa zimebaki sekunde 5.2. Mchezo ukaisha 87 kwa 86, pointi 45 zikiwa zake. Andre alikubali kunyanyuliwa. Malone hakukubali kupokonywa. Tofauti hiyo ndiyo inayokwambia upime nini kila upande: kwa mcheza kikapu pima alichokipata watu wakimzuia kwa nguvu zao zote, kwa mwanamieleka pima alichokijenga kutokana na imani ambayo mwenzake alimpa.

Kwenye kikapu pia uliza nani alibebwa. Hakeem mwaka 1994 alichukua ubingwa na Houston bila mwenzake hata mmoja aliyeteuliwa kwenye mchezo wa nyota wa msimu ule, na msimu huo huo akawa mchezaji bora wa ligi, mlinzi bora na mchezaji bora wa fainali. Ni mapenzi yangu yanayosema, mnayajua, lakini takwimu hizo nazo hazikuandikwa na mimi.

Dereva wa lori nilimwambia hivi: zile ushindi 21 za Undertaker sizipimi sana. Ninachokipima ni usiku wa 22. Aprili 6, 2014, New Orleans, Brock Lesnar akamlaza, refa akahesabu tatu, na watu zaidi ya 75,000 wakanyamaza. Kamera ikapita kwenye nyuso: mikono kichwani, midomo wazi, hakuna aliyejua afanye nini. Kitu alichokijenga tangu 1991 alikiachilia mbele yao. Mteja wangu alinitazama kwenye kioo, akasema polepole, "Siku ile sikula." Hiyo ndiyo hoja yake ya kweli, na ni nzito kuliko 21.

Angalia 1998, michezo hiyo ilipokutana

Ukitaka ushahidi usio na mfano wa pili, nenda mwaka huo huo. Katikati ya fainali zile, Dennis Rodman wa Bulls alikosa mazoezi akaenda kuonekana na Hogan kwenye kipindi cha mieleka, kisha akarudi na timu yake ikashinda mchezo uliofuata. Mwezi mmoja baada ya fainali, Julai 12, San Diego, Rodman na Hogan wakapanda ulingoni dhidi ya Diamond Dallas Page na Karl Malone. Malone yule yule! Mchezaji bora wa NBA wa 1997, mwili kama umechongwa kwa mninga. Alifanya vizuri kwa mgeni, lakini tazama Page anavyomwongoza, lini aingie, lini amwachie. Ulingoni alihitaji kubebwa. Kanda ya pambano hilo ilitufikia miezi mingi baadaye, tukaiangalia mpaka ikang'ang'ania kwenye deki.

Na upande wa pili uko hivyo hivyo. Undertaker, Kane, Big Show na Kevin Nash wote walicheza kikapu chuoni kabla ya mieleka. Hakuna aliyefika NBA. Urefu waliokuwa nao haukutosha huku, kule ukawa mtaji.

Kwa hiyo urefu na kilo usiviweke kwenye mizani kabisa. Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliitwa wa 2 kwenye uteuzi wa NBA wa 2009, na siku ile tulijivuna mtaa mzima. Stephen Curry, mita 1.88, aliitwa wa 7. Wa 2 ni heshima ambayo haitafutika, na wa 7 ana pete 4.

Linganisha kazi na kazi

Hapo sasa mpe kila mmoja mwenza wake wa haki. Jordan na Undertaker hawakufanya kazi moja. Mwenza wa Jordan ni Hogan: hao ndio waliowafanya watoto wa mbali wajue jina kabla hawajajua sheria za mchezo. Mwenza wa Undertaker ni Tim Duncan. San Antonio peke yake, kuanzia 1997 hadi 2016, pete 5, uso hautikisiki. Undertaker, kampuni moja, tangu 1990 hadi 2020. Rey Mysterio mpe Allen Iverson, wadogo kati ya majitu: mmoja alidumu zaidi ya saa nzima na kushinda Royal Rumble ya 2006, pambano la wanamieleka wengi kwa pamoja, mwingine aliwatia timu ya Lakers pointi 48 kwenye mchezo wa kwanza wa fainali za 2001. Bruno Sammartino, bingwa kwa siku 2,803 mfululizo kuanzia 1963, mpe Bill Russell na pete zake 11 ndani ya misimu 13. Zama zao zinalingana, na ubabe wao pia.

Dereva hakuwa anamjua Duncan. Nilimwonyesha kwenye simu, ile shuti yake ya kugongesha ubao, kavu, bila mbwembwe. Aliangalia mara tatu. "Huyu ndiye," akasema, akakaa, nikamalizia upande wa kushoto.

Ukurasa ulio wazi sasa ni wa Dikembe Mutombo. Aliuleta fundi cherehani mmoja kutoka Lubumbashi, wiki ile ya msiba, Septemba 2024 ikiishia. Mlinzi bora mara 4, mipira 3,289 aliyoizuia, na kile kidole cha kusema hapana. Fundi anataka hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake ihesabiwe pia. Nimemwambia mambo ya nje ya uwanja tunayaandika ukurasa wa peke yake, naye amekubali, ilimradi ukurasa huo usiwe wa nyuma. Mwenza wake upande wa mieleka bado hatujampata. Fundi anamtaka Andre. Dereva anasema Andre keshachukuliwa.