Nani kamuua ndama? Namna ya kusoma mzoga kabla ya kumsaka mbwa mwitu

Mbwa mwitu, yule mwenye mabaka na masikio ya duara, hubeba lawama nyingi kuliko anazostahili kwa sababu hutembea mchana, tena kwa kundi, na watu humwona. Fisi aliyeingia bomani saa nane za usiku hakuna aliyemwona. Asubuhi mbwa mwitu wakipita karibu na mzoga, kesi imekwisha. Mikuki na sumu huelekezwa kwa asiyehusika, na usiku unaofuata fisi hurudi kwenye tundu lile lile la boma.

Kumtambua muuaji si kazi ngumu, lakini ifanywe mapema, kabla tai na mbweha hawajaharibu ushahidi.

Kabla ya kugusa chochote

Simama kando utazame pua, mdomo na njia ya haja kubwa. Ukiona damu nyeusi isiyoganda ikitoka humo, tumbo limevimba upesi na mwili haujakakamaa, shuku kimeta. Usichune wala usipasue, nyama isiliwe, mbwa wa nyumbani wafungwe, na bwana mifugo aitwe. Ng'ombe aliyekufa kwa kimeta anaweza kuliwa na fisi usiku huo huo, kwa hiyo alama za meno peke yake zisikutoe hofu.

Kama dalili hizo hazipo, vaa glavu za mpira. Kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na mate yamejaa kwenye majeraha hayo.

Zuia watu wasikanyage. Anza kuzunguka kutoka hatua kama 30, ukikaribia taratibu. Nyayo safi hazipatikani kando ya mzoga, ambako kila kitu kimevurugwa. Ziko kwenye vumbi la njia, mchanga wa korongo na tope la kisima. Weka kiberiti kando ya unyayo (urefu wake ni kama sentimita 5) upige picha kutoka juu moja kwa moja. Picha ya pembeni hudanganya ukubwa.

Aliuawa, au alikufa akaliwa?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hutazama nje tu. Chuna ngozi ya koo, shingo, mabega na mapaja ya nyuma, kisha kagua upande wa ndani. Jino likiingia kwenye mwili ulio hai, damu huvilia kulizunguka tundu, ikawa doa zito lenye wekundu wa kukolea. Jino lililoingia kwenye mzoga huacha tundu kavu, na nyama hubaki na rangi yake. Tundu dogo lisiloonekana kwenye manyoya linaweza kuwa na damu iliyovilia ya upana wa kiganja chini yake.

Usichanganye hilo na damu iliyoshuka upande aliolalia mnyama. Hiyo husambaa eneo zima na haina matundu.

Ndama mchanga ana kipimo chake. Kata kipande cha pafu ukitie kwenye ndoo ya maji: kikizama, huenda hakuwahi kupumua. Tazama pia kwato. Zikiwa bado na ncha laini zisizolika, hakutembea. Huyo huenda alizaliwa mfu, na aliyemla alikuta chakula tayari.

Meno yalianzia wapi

Simba humkaba ng'ombe koo au pua, na mara nyingi humburuta hadi kichakani. Unyayo wake ni mpana, sentimita 11 au zaidi, bila alama za kucha. Chui naye hukaba koo, huruka ua, na akiwa ndani ya zizi la mbuzi anaweza kuua kadhaa akaondoka na mmoja, tafuta mtini. Duma hukaba koo pia, ila ni mchana, na kucha zake huonekana kwenye unyayo.

Fisi na mbwa mwitu ndio huchanganywa zaidi, kwa sababu wote hawakabi koo. Huuma nyuma na ubavuni na kupasua tumbo mnyama angali amesimama. Tofauti iko kwenye mifupa. Fisi huvunja mifupa minene ya mapaja, huimeza, na kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chokaa. Mbwa mwitu hula nyama na viungo vya ndani upesi sana, wakaacha kichwa, uti wa mgongo na ngozi, mara nyingi pale pale mnyama alipoangukia. Ila fisi akija baadaye akamalizia, mifupa nayo itavunjika. Ndiyo maana ngozi na nyayo zisomwe pamoja. Fisi ana unyayo wa mbele mkubwa kuliko wa nyuma. Mbwa mwitu huacha nyayo nyingi za ukubwa unaokaribiana, ndogo kuliko za fisi.

Usimsahau mbwa wa kufugwa. Kondoo wengi wakiwa wameng'atwa ovyo masikioni, mkiani na miguuni, na hakuna aliyeliwa sana, anza kuuliza kwa majirani. Jibu hili halipendwi na mtu.

Saa nayo husaidia. Mbwa mwitu huwinda zaidi alfajiri na jioni, malishoni. Usiku wa mbalamwezi huwinda pia, lakini ng'ombe mzima aliyeuawa ndani ya boma si kazi yao ya kawaida. Wao huwaweza zaidi mbuzi, kondoo na ndama.

Dawa hufuata muuaji

Kama ni fisi, simba au chui, tatizo ni boma. Ua wa miiba huoza chini, na fisi hupenya hapo. Mlango ndio udhaifu wa kwanza. Waya wa kusuka wa urefu wa mita 2 hivi, ukishikiliwa na nguzo mbichi za miti ya jamii ya manemane inayochipua, umetumika Simanjiro, kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu nguzo haziozi bali huota. Waya ufukiwe chini, na mlango ufunikwe kwa waya huo huo.

Kama ni mbwa mwitu, kuongeza urefu wa boma ni kupoteza fedha. Tatizo liko malishoni: mtoto mmoja na mbuzi waliotawanyika vichakani. Weka mchungaji mtu mzima, kusanya kundi, na ndama wabaki nyumbani. Wakishambulia eneo moja mara kwa mara, huenda wana watoto karibu, mara nyingi kwenye shimo la zamani la muhanga, yule mnyama mchimbaji alaye mchwa. Kundi hubaki hapo kwa takriban miezi 3, kisha huhama lenyewe. Peleka mifugo upande mwingine kwa kipindi hicho. Usifukize wala kuziba shimo. Chanja pia mbwa wa boma dhidi ya kichaa: ugonjwa huo huvuka kwenda kwa mbwa mwitu na kurudi kwa watu.

Sumu kwenye mzoga huua tai na mbwa wako mwenyewe kabla ya aliyekusudiwa.

Taarifa

Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaruhusu madai ya fidia ya mifugo kupitia kamati ya kaunti, lakini hailipi pale mwenye mali aliposhindwa kuchukua hatua za kuridhisha kuilinda. Kwa hiyo piga picha ya boma pia, si mzoga tu. Tanzania kuna kanuni za kifuta jasho (malipo kwa mali iliyoharibiwa na wanyamapori) na kifuta machozi (kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa). Anzia serikali ya kijiji, ifike kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Akichelewa, kata kipande cha ngozi chenye matundu, kipake chumvi upande wa ndani na kikaushe kivulini, mbali na mbwa.