Fagao: keki ya mvuke ya hamira, makunazi na zabibu

Kaskazini mwa China, katika majimbo kama Hebei na Shandong, keki hii hupikwa kwa unga wa ngano uliochanganywa na wa mahindi, ikapambwa kwa makunazi mekundu makavu yanayolimwa hukohuko. Kusini wana fagao yao ya unga wa mchele. Hapa nafuata ya kaskazini: haihitaji oveni, na unga wake unao jikoni.

Andaa unga wa mahindi laini gramu 100, unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 50, hamira ya chenga kijiko 1 cha chai, makunazi makavu kumi hivi na zabibu kavu kiganja kimoja. Ukikosa makunazi ya Kichina, tumia tende, ila punguza sukari. Iliki haimo, lakini ukitia sitakusuta.

1. Loweka matunda. Makunazi dakika 20 katika maji ya uvuguvugu, kisha toa kokwa na uyakate. Zabibu dakika chache zinatosha. Kausha yote kwa kitambaa. Yakiingia makavu yatafyonza maji ya rojo; yakiingia yanachuruzika yataacha madoa mabichi ndani ya keki.

2. Unyweshe unga wa mahindi. Mimina maji yanayochemka mililita 150 juu yake, koroga, acha upoe. Wengi huiruka hatua hii, kisha wanashangaa keki ina chengachenga mdomoni. Subiri hadi kidole kivumilie bila shida ndipo uendelee, kwa sababu joto kali huua hamira.

3. Changanya. Tia unga wa ngano, sukari na hamira. Ongeza maji ya uvuguvugu au maziwa kidogo kidogo, kama mililita 120, ukikoroga kwa mwiko. Rojo iwe nzito kuliko ya vitumbua: ukiinua mwiko inakatika kwa shida, haitiririki. Hakuna kukanda. Tia nusu ya matunda.

4. Uumue. Paka mafuta bakuli la bati la sentimita 18 hadi 20, mimina rojo (isivuke nusu ya bakuli), lainisha juu kwa kijiko kilicholowa maji, funika. Usiulize saa, tazama rojo. Dar es Salaam au Mombasa dakika 40 zinaweza kutosha. Nairobi kwenye baridi, zaidi ya saa nzima. Iko tayari ikikaribia kuwa maradufu na juu pana vishimo vidogo vya hewa. Ikishaanza kunuka uchachu na kubonyea katikati, imepitiliza: ikoroge itoe hewa, iache iumuke tena kwa muda mfupi. Sasa panga matunda yaliyobaki juu, bila kuyasukuma.

5. Pika. Kama huna sufuria ya mvuke, weka kibati au kigae ndani ya sufuria kubwa cha kukalia bakuli, tia maji yasifikie bakuli. Yachemke kwanza, ndipo uingize keki. Funga kifuniko kwa kitambaa cha pamba, ncha zake uzifunge juu, mbali na moto. Bila kitambaa, matone ya mvuke yatadondoka na kuacha mabaka yenye utelezi juu ya keki. Moto wa wastani kuelekea mkali, dakika 30 hadi 35. Usichungulie dakika 20 za mwanzo, na sikiliza kama maji yanaelekea kukauka. Ukilazimika kuongeza, ongeza ya moto.

6. Zima, subiri dakika 5 ndipo ufunue. Ukifunua ghafla, mvuke ulio ndani ya vitundu hupoa na kusinyaa kabla keki haijashika vizuri, nayo inanywea. Choma kwa kijiti katikati; kikitoka na ute, rudisha dakika 5.

Itoe kwenye bakuli, ipoe kidogo, ukate kwa kisu kilicholowa maji. Kesho yake itakuwa imekakamaa. Irudishe kwenye mvuke dakika chache.